Santuri ya Festo Mbele ya Balozi

Dada Anastazia, nimeshitakiwa! Mimi mdogo wako, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuitwa hata ofisini kwa mwalimu, nimeitwa kwa balozi wa nyumba kumi, nimekalishwa kwenye kigoda mbele za watu, na nilichoshitakiwa nacho ni santuri. Si wizi, si matusi, si mume wa mtu. Santuri ya Festo. Nikishindwa, chumba sina. Na shauri lenyewe halijakwisha, ndiyo maana nakuandikia mbio mbio, usije ukalisikia kwa watu wengine wakakutia chumvi.

Haya, sasa shikamoo dada yangu. Nisamehe kwa kukuvamia hivyo. Habari za hapo nyumbani? Mguu wako je, ule uliokuwa ukivimba kila ukitoka shamba la kijiji? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mmemaliza kuvuna mtama? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na pale sokoni Kariakoo kunde zangu na karanga zinatoka, maana nachagua mwenyewe punje kwa punje, na wateja wanajua kwamba kwa Mama Festo hutauma jiwe. Ila nyumbani kumepooza. Chumba ni kile kile kimoja unachokijua, lakini siku hizi nikimaliza kukifagia naona kama bado kuna pahali sijafika. Na ugali napika wa watu wawili. Mkono haujasahau. Asubuhi nakula kiporo cha mtu ambaye hayupo.

Festo, kama nilivyokuandikia, yuko kambini huko bara, jeshi la kujenga taifa, kwa mujibu wa sheria, na huu ni mwezi wake wa nane. Barua zake zinakuja. Anasema alfajiri wakikimbia mchakamchaka yeye ndiye anayeimbisha, na kundi zima linamwitikia, hata wale waliosoma kumzidi. Mimi sikushangaa. Mtoto yule alianza kuimba kabla hajaota meno, na wewe ni shahidi, maana ndiye uliyekuwa ukimbeba mgongoni ukasema anakupigia kelele za mpango.

Sasa nikueleze hiyo santuri. Festo alisoma sekondari na kijana mmoja wa Kihindi wa pale Upanga, jina lake Karim. Walikuwa kama pete na kidole. Familia ya Karim ilipohamia ng'ambo, yule kijana alikuja mpaka hapa chumbani kwangu, akala kunde zangu kwa mkono, akamwachia Festo gramafoni ya betri, ile inayofungwa kama sanduku la nguo, na santuri kubwa moja. Moja tu. Ganda lake jeusi, na juu yake wanaume wanne wa Kizungu, nywele mpaka mabegani, hakuna hata mmoja aliyecheka. Nikamwuliza Festo, "Hawa wamefiwa na nani?" Akaniambia, "Mama, hawa ndio wakali wa magitaa dunia nzima." Nikasema haya.

Dada, sijui nikuandikieje ule muziki. Si dansi letu hili la tarumbeta, ambalo hata mtu mzima unaweza kuzungusha kiuno kidogo. Hili gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga ikianza asubuhi kabla haijatiwa mahindi. Ngoma zinaingia zote kwa pamoja. Halafu anatokea mtu anapiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kila siku Festo akirudi kutoka kazini, kule ghalani alikokuwa karani wa kuhesabu magunia, kabla ya shikamoo, kabla ya maji ya kunywa, anaweka sindano. Nilikuwa nikigomba kutoka uani mpaka sauti inanikauka. "Festo, punguza, majirani!" Naye anapiga chaga za kitanda kwa viganja, pu pu pu, kufuata ngoma.

Alipoondoka aliniambia neno moja juu ya kile kitu. "Mama, usikiguse. Sindano ni moja." Nikakifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kile chenye maua, na miezi kadhaa sikukigusa kweli. Mpaka masika. Siku hiyo mvua imetufukuza sokoni mapema, nimerudi nimelowa, nimekaa kitandani, mtaa mzima kimya kwa ajili ya mvua. Nikakifungua. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi anavyofanya: unapuliza vumbi, unashika pembeni kama sahani ya mchuzi wa moto, unashusha mkono wake polepole. Likanguruma, dada! Nikaruka. Halafu nikakaa. Tangu siku hiyo, kila saa kumi na moja jioni ninaipiga. Betri zikichoka naziweka juani, zinaanikwa pamoja na kunde, na zinafufuka. Hilo nimeligundua mwenyewe, na sasa nusu ya mtaa wanafanya hivyo na betri za tochi zao, wala hakuna anayesema amefundishwa na Mama Festo.

Sasa, nje ya dirisha langu, pale barazani, anakaa Fundi Selemani, mshonaji, Mndengereko mmoja mpole sana. Alhamisi moja natoka sokoni namkuta amesimama mlangoni kwangu, ameshika suruali mikononi kaitandaza kama bendera.

"Mama Festo, tazama ulichonifanyia."

"Mimi? Mimi nashona?"

"Tazama kwanza, mama."

Nikatazama. Suruali ya bugaluu, kitambaa kizuri, ya karani mmoja anayetaka kuoa. Mguu wa kulia umeshuka vizuri, ukafunguka chini kama kengele. Mguu wa kushoto mshono umeanza kwa adabu, ulipofika gotini ukapinda, ukaenda zake.

"Na huu unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Si ndiyo nakuuliza wewe! Mguu wangu ukizisikia zile ngoma zako haunitaki tena. Mimi nataka kukanyaga cherehani polepole, ngoma zinakwenda mbio, mguu unazifuata, kitambaa kinanitoka mkononi. Karani wa watu anaoa, nimwambie nini? Kwamba wamenishonea Wazungu?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Bi Asha mwenye nyumba alikuwa uani anachambua mchicha, akasikia kicheko, akaja na sinia lake.

"Unacheka, Mama Festo? Mchanga wa ukuta unadondoka kwenye mboga yangu kila jioni, na wewe unacheka? Nilimvumilia kijana, nikasema ni ujana. Sasa kijana hayupo. Mama mtu mzima unajifungia ndani na mashetani ya Kizungu! Mwisho wa mwezi huu nataka ufunguo wangu."

Dada, unanijua. Nikasema, "Ufunguo hauombwi kwa sinia la mchicha. Twende kwa balozi." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikakaa pale nikawaza, akirudi mtoto, abebe begi lake toka stesheni, abishe hodi, afungue mtu mwingine. Sikula.

Jumapili baada ya alasiri tukakaa uani. Balozi wetu ni Mzee Mfaume, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Walikuwepo Bi Asha, Fundi na suruali yake, Massawe Mchagga mwenye duka la pembeni, na Mama Zuhura wa chumba cha pili, anayekaanga samaki Feri, ambaye alikuja na mikono ikinukia mafuta hata hajanawa, ili asikose kitu.

Mzee Mfaume akakohoa. "Ndugu zangu, hatuwezi kukata shauri la kitu ambacho hatujakisikia. Mleteni mshitakiwa."

Nikainuka.

"Si wewe, Mama Festo. Sanduku."

Nikalileta, nikaliweka juu ya kinu kilichofunikwa ungo. Balozi akaamuru asiseme mtu mpaka upande uishe, na asiyeweza kunyamaza akasubiri barabarani. Nikapuliza vumbi, nikashusha mkono. Sijisifu, lakini niliona wanavyonitazama. Hakuna mwanamke mwingine katika zile nyumba kumi anayeweza kuiendesha.

Upande mzima ukapita. Kuku wakahama. Ulipoisha, balozi akasema, "Haya, mmoja mmoja."

Akaanza Bi Asha. "Mimi ngoma za kupunga nimezijua tangu mwali. Iko ngoma ya kumwita pepo, na iko ya kumtuliza. Hii inaita tu. Mtu ukimwita mgeni unamkaribisha, unamfukizia ubani, unamwuliza anataka nini. Hawa wanaita, wanaita, halafu wanamwacha mlangoni. Huo si ustaarabu."

Massawe akasema, "Mimi naona jamaa hawa hawapunji. Bendi nyingine mpiga ngoma anagusagusa tu, mshahara umeingia. Huyu amepiga mwanzo mpaka mwisho, kipimo kimejaa mpaka kinamwagika."

"Wewe hata kwenye msiba utaleta mizani," Mama Zuhura akamkata. "Huyo anayeimba amefiwa. Mtu hapigi ukelele ule kwa starehe. Na mimi nimependa kitu kimoja. Wenzake hawakumwacha alie peke yake. Kila akilia, gitaa linamwitikia. Mimi nilipofiwa na mume wangu nililia na ukuta."

Fundi Selemani akaulizwa. Akasema, "Mimi sina maoni, Ndugu Balozi. Mimi nina mguu." Watu wakatazama chini. Dada, ule mguu bado ulikuwa unakanyaga mchanga, na santuri imekwisha zamani! Hata Bi Asha alificha uso kwa upande wa kanga.

Balozi mwenyewe alikuwa amefumba macho. Akasema pole pole, "Mimi nimesikia garimoshi la mizigo linapanda Pugu. Kichwa kimoja, mabehewa yamejaa pamba, reli imelowa. Dereva hana uhakika kama litafika juu, lakini hasimami." Sijawahi kumsikia mzee yule akisema maneno mengi hivyo.

Nikaona hapa ndipo pangu. Nikawaambia kwamba Festo anaijua santuri ile yote kwa moyo, hata pale gitaa linapojikwaa na kuinuka. Nikawaambia Karim, mwenye mali, alikuwa akimwuliza Festo kila akisahau maneno ya wimbo. Nikawaambia kambini huko ni yeye anayeimbisha.

"Mama Festo," balozi akasema, "Festo sikumwuliza. Wewe unasikia nini?"

Dada, swali hilo sikulitazamia. Mimi wa maneno! Watu wote wananitazama. Nikasema yaliyokuja. Nikasema, "Nasikia mtu amerudi kutoka kazini. Santuri ikianza, mikono yangu inaweka maji ya chai jikoni bila kuniuliza. Wimbo wa tatu kuna pahali Festo alikuwa anapiga chaga za kitanda. Sasa ngoma ikifika hapo inapita peke yake. Pale ndipo ninapokaa kusikiliza. Muziki wenyewe hata sijui kama naupenda." Nikatazama kinu. Mama Zuhura akasogeza kigoda chake karibu na changu, na ile harufu yake ya samaki.

Ingekuwa imekwisha hapo ningefurahi. Lakini Mzee Mfaume akauliza, "Na upande wa pili?"

Nikamwambia kweli, upande wa pili sijawahi kuusikia. Festo alikuwa akiusikiliza kwa Karim, Upanga, kabla hawajahama. Nikimwomba aupige hapa alikuwa anasema, "Huo mama hutaupenda," anafunga sanduku. Nikaheshimu. Nikadhani kelele zake zimezidi hizi.

"Shauri huwa halisikilizwi nusu," akasema balozi. "Geuza."

Nikageuza. Wimbo wa kwanza ni mashine ile ile ya kusaga. Halafu wa pili, dada, ngoma zikanyamaza. Likabaki gitaa moja, dogo, kama mtu anayepitisha vidole huku anawaza. Na yule yule aliyekuwa akipiga ukelele akaimba chini chini, kama anaongea na mtu aliyekaa karibu naye. Bi Asha aliacha kujipepea. Fundi mguu wake ukatulia. Ukaisha, wakanguruma tena mpaka mwisho, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza tena.

"Anasema nini?" balozi akauliza. Wote tukamtazama Massawe, kwa sababu duka lake linaletewa karatasi za Kiingereza.

Massawe akajikuna kidevu. "Kusema kweli nimeshika neno moja tu, linalosema mama. Analirudia. Mengine yamenipita."

"Anamtukana mama yake!" Bi Asha akaruka. "Nilijua!"

"Anamtukana kwa sauti ile?" Mama Zuhura akamjibu. "Anamwita, wewe! Yuko mbali, anamwita."

"Au anamuaga," akasema Fundi. "Yule anaondoka. Mimi nimesikia mtu anayeondoka na hatarudi." Halafu akaniona uso, akajisikia vibaya. "Nimesema tu, mama. Mimi ni fundi suruali."

Wakabishana pale mpaka sauti zikapanda, nani ameelewa na nani hakuelewa, na mimi nimekaa katikati yao nawaza jambo moja. Mtoto wangu alikuwa na wimbo unaomtaja mama, akawa anausikiliza kwa watu, akanificha. Kwa nini? Nilimwosha, nilimlisha, kila sare yake ya shule niliifua kwa mikono hii. Najua kovu lake la goti na lilikotoka. Na upande mzima wa santuri yake siujui.

Mzee Mfaume akainua mkono. "Ndugu zangu, mtu hahukumiwi kwa neno moja. Shauri hili linasimama mpaka mwenye santuri arudi atufasirie, ndipo tutajua kama ni matusi au ni kitu kingine. Mpaka siku hiyo Mama Festo hahamishwi, na ufunguo haudaiwi. Santuri ipigwe saa kumi na moja, isivuke adhana ya magharibi. Na wewe Selemani, saa hiyo shona vifungo kwa mkono."

Bi Asha akasema, "Na ikiwa ni matusi?"

"Ikiwa ni matusi, ufunguo utaupata."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Chumba ninacho, lakini nimekishika kwa kidole kimoja.

Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu hapa. Tangu Jumapili ile sijaipiga tena. Saa kumi na moja ikifika nakaa nayo imefungwa. Juzi Fundi Selemani ameniita dirishani, "Mama Festo, leo tena kimya? Nimeshika vifungo tayari." Nikamwambia betri ziko juani. Mama Zuhura naye ananiletea vipande vya samaki, anakaa kidogo, anaangalia sanduku, anaondoka. Wamekuwa wema kuliko zamani, na mimi ndio nimezidi kuwa peke yangu, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na saa yangu moja na mtoto wangu, na sasa nikitaka kuweka sindano namkumbuka yule anayeongea chini chini.

Juzi pia imefika barua ya Festo. Amemaliza, anarudi kwa garimoshi. Nikaipeleka kwa balozi siku ile ile, akaisoma mara mbili, akataja siku ya shauri, akatuma watu kuwaambia wote. Bi Asha amesema atakuja mapema apate mahali pa mbele. Fundi amesema atakuja na yule karani, ambaye suruali yake ilifumuliwa ikashonwa upya na sasa ameshaoa, anataka kusikia kitu kilichomharibia mguu. Festo sijamwandikia habari hizi. Nataka nimwone uso kwanza, kabla hajajua anachoulizwa.

Dada, njoo. Barabara ya kusini imekauka, na pantoni ya Rufiji inavusha watu. Wenzangu wote pale uani wana watu wao, mimi nitakuwa na kigoda tu. Mwanangu atakaposimama mbele ya wale watu na kusema wimbo ule unasema nini, nataka mtu wa tumbo moja na mimi awe ameshika kanga yangu. Ikiwa ni mabaya, nitakuwa na wa kurudi naye ndani. Ikiwa ni mazuri, utakuwa umesikia kwa masikio yako, maana najua nikikuandikia utasema Mama Festo anajisifu.

Nisalimie shemeji, mwambie tumbaku yake nitampa akija mwenyewe. Msalimie shangazi yetu mkubwa, mama wa kanisa, aniombee, lakini asiwatangazie wenzake kwenye kwaya. Msalimie kaka yetu fundi wa paa na mkewe, na yule mtoto wa marehemu dada yetu anayefundisha watu wazima kusoma, mwambie mwenzake Festo anaimbisha kambini. Mama mkwe wangu mpe pole ya macho. Wanaoweza kusafiri waje nawe, watalala chini, mkeka ninao, na kunde hazitatupungukia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyesoma mpaka darasa la nne tu na bado kalamu haijamtupa,

Mama Festo, Kariakoo.

Mnangojwa nyote Jumapili ya kwanza baada ya Saba Saba, saa kumi alasiri, uani kwa Bi Asha.